Windows Mbili za Edinah

Edinah alitarizi nembo za sweta za shule nyumbani kwake Nyakoe. Mashine yake iliendeshwa na kompyuta ya nyumbani, na kazi ilienda vizuri mpaka mumewe, Job, mchoraji wa ramani za nyumba, alipoweka Windows mpya. Programu yake ya kuchorea haikukubali nyingine. Mashine ya Edinah nayo ikaikataa hiyo mpya katakata.

"Mama Nyamusi, tutafute tu kompyuta nyingine," Job alimwambia.

"Ya nini? Hii ina nafasi. Windows zote mbili zitakaa humu."

Job akacheka. Kicheko kile kilimuuma Edinah kuliko maneno yoyote. Akaanza kutazama video za mafundi kwenye simu, hata akiwa anamenya ndizi.

Jumapili asubuhi alihifadhi nakala za kazi zao zote kwenye diski ya pembeni, akatenga sehemu ya kompyuta, akaweka humo Windows ya zamani. Mashine ikaitika, ikatoa nembo safi! Lakini alipoizima kompyuta na kuiwasha tena, ile mpya haikuonekana kabisa.

"Ramani zangu ziko wapi?" Job alisimama mlangoni, uso umembadilika. "Mteja anakuja kesho!"

"Zimo humu humu, Baba Nyamusi. Kompyuta ndiyo haijui pa kuzitafuta."

Alisema hivyo kwa sauti ya kujiamini, ingawa mwenyewe hakuwa na hakika. Akairudia video. Kumbe ile ya zamani, ikiwekwa mwisho, haijui kuiwasha mpya! Akachomeka flashi ambayo Job aliitumia kuweka Windows mpya, akachagua kukarabati. Ikagoma. Akaandika amri ya kwenye video herufi kwa herufi. Akakosea nafasi moja, akaandika upya, akawasha.

Kwenye skrini yakatokea majina mawili ya Windows, moja chini ya jingine.

"Chagua yako," Edinah akasema.

Job akachagua. Ramani ikafunguka, kuta zote mahali pake. Edinah naye akaingia kwenye yake, na sindano ikaanza kukimbia juu ya kitambaa. Alipiga kigelegele hata Drusilla, jirani yao, akaja mbio na unga mikononi.

"Kuna nini? Mmepata mgeni?"

"Ingia uone!" Edinah akamvuta mkono. "Baba Nyamusi, hebu izime uiwashe tena. Nataka Drusilla aone yale majina."

Job akaizima bila kubisha.