Jezi Iliyogoma Kuvuliwa

Klabu ile ilikuwa na mashabiki wa aina mbili: wale wanaojitokeza timu ikishinda, na King'ora. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alilipata uwanjani, siku refa aliposimamisha mechi akidhani gari la wagonjwa linaingia, kumbe ni yeye anawahimiza vijana wasukume. Kazi yake ni cherehani. Ana chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu ambacho wateja hujipinda shingo mbele yake wajione mgongo. Jezi zote za timu ya raga hupita mkononi mwake, na raga, kama hujui, huchana nguo kuliko mbwa mkali. Kila Jumatatu analetewa gunia zima, kola zinaning'inia, mabega yamefumuka, na yeye anazishona huku akiwasema waliozivuta mpaka mate yanamkauka.

Ana mwiko mmoja tu wa kazi: hashoni nguo mwilini mwa mtu. Hata kifungo. Hata bwana harusi aliyechelewa. "Vua," atakwambia. "Anayeshonewa mwilini ni maiti. Wewe si unapumua? Basi vua."

Sasa msimu ule timu ikapangiwa kucheza robo fainali ya kombe ugenini, na mabingwa wenyewe. Na timu ilikuwa hoi bin taabani. Wanne wameitwa kambi ya taifa, watatu wanatembelea magongo, na mmoja kaoa juzi, mkewe kasema thubutu uende. Mwenyekiti, mwenye duka la rangi, mtu wa kuvaa tai hata Jumapili, akaitisha mkutano ghalani kwake, katikati ya makopo.

"Ndugu zangu, tujitoe kwa heshima," akasema. "Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani."

King'ora akainuka. "Kushindwa nakubali, mwenyekiti. Nimeshindwa mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani kwako. Nisichokubali ni kushindwa nikiwa nimekaa nyumbani!"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Timu ilikwisha kumchosha, na kila mtu alilijua hilo. "Haya, nendeni," akasema. "Lakini nasema mbele ya wote. Mkimaliza mechi mkiwa kumi na tano uwanjani, timu inabaki. Mkipungua hata mmoja, nakusanya jezi, nafunga stoo, na raga basi tena."

Kumi na tano! Hata ukiwahesabu na wa akiba, wazima walizidi hapo kwa wachache tu, na mstari wa mbele, wale mafahali wanaobeba uzito wa skramu timu mbili zinapofungana vichwa na kusukumana, hakuwa amebaki hata mmoja wa kuaminika. King'ora hakulala na hilo. Asubuhi akaenda kumtafuta shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Ni mwashi, wanamwita Tofali, na raga aliiacha zamani, kitambi kilipoanza kumtangulia mlangoni. Akamkuta juu ya jukwaa, anapiga plasta.

"Shemeji, shuka."

"Plasta itakauka, shemeji."

"Na timu inakauka. Shuka!"

Tofali akamtazama kutoka juu. "Mimi huyu? Magoti yangu yanatabiri mvua, shemeji."

"Nani kakwambia ukimbie? Nataka usimame, watu wakusukume, usianguke. Si unajenga kuta wewe? Basi safari hii uwe ukuta." Kisha sauti ikamshuka, jambo la nadra kwake. "Kaka yako angekuwa hai, saa hizi angekuwa ameshafunga viatu."

Tofali akaosha mwiko wake wa plasta, akashuka.

Siku ya mechi, wenyeji walipoliona lile tumbo likiingia uwanjani, walicheka wakapigana mabega. "Mmemleta mjomba wa nani?" mmoja akauliza. "Wa kwako," King'ora akajibu, "kaja kuuliza kwa nini hupigi simu nyumbani." Akasimama kwenye kamba, sindano yenye uzi imechomekwa kwenye kola kama kawaida yake. Mwenyekiti naye alikuwepo, kakaa chini ya mwavuli, anahesabu wachezaji kama mama kuku anavyohesabu vifaranga, ila huyu alikuwa anaomba kimoja kipotee.

Mwanzoni kabisa wenyeji wakafanya faulo, nahodha wetu akapiga penalti, mpira ukapita katikati ya milingoti. Pointi tatu kwa bila! King'ora akapiga ukelele uliowafukuza ndege. "Tunaongoza! Upigeni picha ule ubao! Upigeni kabla haujaharibika!" Wakaupiga. Picha hiyo anayo mpaka leo, imebandikwa juu ya kioo, na mteja asiyeiuliza atasimuliwa tu.

Baada ya hapo, msiba. Wenyeji walifunga wakitokea kushoto, wakafunga wakitokea kulia, wakafunga hata walipokuwa wanataka kupumzika. Vijana wetu waliumia mmoja baada ya mwingine mpaka benchi la akiba likabaki mbao tupu. Lakini kila skramu Tofali alikuwa chini, anasukumwa, anarudi nyuma, haanguki. King'ora alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akaendelea kwa mikono.

Ndipo, mechi ikiwa inakaribia kabisa kuisha, jezi ya Tofali ikachanika kutoka begani mpaka kiunoni. Refa akamtoa nje. "Hurudi na tambara hilo. Badilisha." Badilisha na nini? Jezi ya ziada haikuwepo. Uwanjani wakabaki kumi na nne. Mwenyekiti akasimama, akaanza kukunja mwavuli taratibu.

"Vua, nishone," King'ora akasema.

"Bega limevimba, shemeji. Mkono haupandi."

King'ora akaichomoa sindano kwenye kola. Mtu wa mwisho aliyemshonea mwilini alikuwa mumewe. Ugonjwa ulikuwa umemkondesha, na suti ya kumzikia ilibidi ipunguzwe akiwa amelala nayo. Toka siku hiyo aliapa. Machozi yakamjaa, akayafuta kwa kiwiko kwa hasira.

"Pumua," akamwambia Tofali. "Pumua kwa nguvu nikusikie. Ukiacha kupumua nitakuua."

Tofali akapumua kama mvukuto wa mhunzi. Sindano ikaenda mbio, mishono mikubwa ya aibu, mishono ambayo angemfukuzia mwanafunzi. Akakata uzi kwa meno, akamsukuma mgongoni. "Nenda!"

Akaingia. Skramu moja ikachezwa, wakarudishwa nyuma kama mkokoteni, na filimbi ikalia. Sitini na mbili kwa tatu. Kumi na tano uwanjani.

Mwenyekiti aliwafuata chumba cha kubadilishia, gunia mkononi. "Mmemaliza kumi na tano, nimeona, sikatai," akasema. "Lakini sitini na mbili, jamani! Jezi zirudi kwanza. Mengine tutazungumza."

Hapo ndipo utakapomjua mtu. Vijana, kwa uchovu, wakatii. Wakavua moja moja na kutumbukiza, vichwa chini. Ikafika zamu ya Tofali. Akavuta, haitoki. Wawili wakamsaidia kuvuta, Tofali akalia mama yangu. Wakafunua: King'ora, kwa haraka ile, alikuwa amepitisha sindano kwenye jezi, fulana ya ndani na kiuno cha bukta, vyote pamoja.

"Kateni," mwenyekiti akasema. "Huyo fundi ana mkasi."

Mkasi ulikuwa kwenye mkoba wake. Wote wakamgeukia King'ora. Akauweka mkoba juu ya benchi, akaukalia.

"Ulitoa neno lako mbele ya watu, mwenyekiti," akasema kwa sauti iliyobaki, nyembamba na yenye mikwaruzo. "Timu hii inapumua. Mimi nguo ya anayepumua siikati kwa ajili ya kuzika."

Hakuna aliyecheka. Nahodha akausogelea mkono wa mwenyekiti, akaingiza wake ndani ya gunia, akaitoa jezi yake inayonuka jasho, akaivaa tena. Akafuata mwingine. Mwisho mwenyekiti akabaki na gunia tupu na tai yake.

"Sasa mimi nitaoga vipi, shemeji?" Tofali akauliza.

"Oga nayo," King'ora akasema. "Jumanne una mazoezi."