Chaza wa Kwanza ni wa Muuzaji

Saa moja asubuhi, katika soko la samaki la Roxas, Ufilipino, Delsa Arbolario anafungua chaza kwa kisu kifupi, anamnyunyizia siki na kumsogezea mteja. Mteja hapokei, anamwita Manang, yaani dada mkubwa.

"Anza wewe, Manang. Au kuna kitu unakijua?"

"Ninachojua ni bei tu, mdogo wangu."

Hapa ndivyo ilivyo: chaza wa kwanza huliwa mbichi na muuzaji, mteja akiangalia. Asiyekula hushukiwa. Delsa, mwenye miaka arobaini na sita, alikula tangu usichana, akaacha alipopandikizwa figo ya kaka yake, Wilmer. Halafu, katika pilikapilika za sikukuu, mteja mmoja akamtania, naye akameza.

"Nilijua nimekosea kabla hajafika tumboni," anasema. "Nikajidanganya, aah, mmoja tu."

Chaza huyo alikuwa na kirusi ambacho kingemharisha mwingine siku mbili tu, akakisahau. Lakini dawa anazokunywa Delsa ili mwili usiikatae figo huidhoofisha pia kinga yake. Alihara karibu miezi mitatu. Akakonda, maji yakamwisha mwilini, figo ikaanza kuzidiwa.

Daktari alimpunguzia dawa ili kinga ipate nguvu ya kupambana na kirusi, akamwonya kwamba kinga hiyohiyo inaweza kuishambulia figo.

"Nilikuwa namwomba Mungu msamaha, na Wilmer pia. Mtu kakupa kiungo chake, wewe unakichezea kwa chaza!"

Kuhara kumekoma. Figo imebaki, ingawa haifanyi kazi kama zamani, na huenda isistahimili ugonjwa mwingine kama ule.

Mteja bado amesimama. Wilmer, mwanamume mwenye maneno mengi, anatokea nyuma ya meza, anamchukua yule chaza na kummeza.

"Umeona? Sijafa. Haya, lipa!"

Mteja anacheka, analipa. Delsa hacheki. Tangu atoke hospitali, kaka yake ndiye anayekula badala yake, naye amebakiwa na figo moja.

"Nimemkataza mpaka nimechoka. Ananijibu, 'Figo nilikupa, sembuse chaza?'"

Sasa Delsa anatafuta jiko na sufuria kubwa auze chaza wa kuchemsha. Wenzake sokoni wameshaanza kumdhihaki kwamba atauza chakula cha wagonjwa.

"Wacheke," anasema. "Chaza wakishaiva, hakuna atakayeuliza nani aanze. Maana siku Wilmer akiharibikiwa, mimi sina cha kumrudishia."