Mlango wa Jikoni kwa Bi Zuwena

Kaa hapa mwanangu, usininunie. Nimesikia kuwa msichana uliyemfundisha kupika sabuni ya mwani amekwenda Paje kufungua biashara yake, na kwamba umeapa hutamfundisha mtu tena. Haya. Mimi nikifumba macho alasiri kama hii, hunijia siku moja ya usichana wangu pale Mkunazini, nyumbani kwa Bi Zuwena. Moshi wa udi umetanda chumbani, jua linapenya kwenye kidirisha cha juu, na mimi niko mkekani nachambua vipande vya udi, sina haraka ya kwenda popote. Hunijia kama ndoto, na mtu akiniamsha namkasirikia.

Bi Zuwena alikuwa akitengeneza udi wa kufukizia. Bibi harusi wa mjini aliyefukizwa udi wa mtu mwengine alijiona kama hajaolewa! Tulikuwa wasichana wawili tukimfanyia kazi, mimi na Mwanaidi wa Makunduchi. Tulipasua udi, tukapika sukari mpaka ikawa shira, tukafunga vipakiti. Lakini ulipofika wakati wa kutia mafuta mazuri ya kunukia, Bi Zuwena alitutoa na kujifungia jikoni. Ndivyo walivyokuwa watengenezaji udi wa mji ule. Mchanganyiko ulikuwa siri ya nyumba, hapewi mtu wa kuajiriwa. Sisi tulikaa nje ya mlango, tunabishana kwa kunusa tu. Waridi hilo. Wapi, sandali hiyo.

Mwaka mmoja, watalii wameshaanza kujaa mjini, Bi Zuwena aliugua homa kali. Alipona, lakini pua ikawa haisikii harufu yoyote, naye hakumwambia mtu. Na huku harusi moja ya Shangani imekaribia, mama wa bibi harusi ameshaagiza udi. Bi Zuwena akajifungia kama kawaida yake. Mara ikatoka harufu ya sukari inayoungua, na mwenyewe yumo ndani kimya. Tukatazamana na Mwanaidi. Nani angethubutu kuugonga mlango ule?

Mwisho moshi ulimwonyesha alichoshindwa kukinusa. Akafungua mwenyewe, machozi yanamtoka.

"Sisikii kitu, wanangu," akasema. "Nkiuharibu udi wa harusi hii, jina langu lishakwisha. Ingieni."

Tukaingia. Jiko lenyewe lilikuwa dogo, mwanangu, dogo kabisa, na sisi tulikuwa tumeliota kubwa. Akanitia tone la mafuta kiganjani, akanambia nifumbe macho. "Nambie unasikia nini. Usifanye pupa." Chupa zote zikapita hivyo, mimi nasema, Mwanaidi anasema, yeye anatueleza kipi kitangulie na kipi kisubiri shira ipoe. Sufuria yangu ya kwanza niliiharibu. Mafuta ya ghali yale! Nikaanza kulia.

"Na mimi mamangu nlimharibia sana," akasema. "Tia sukari nyengine."

Sufuria iliyokubali ilikuwa ya Mwanaidi. Mama wa bibi harusi alipokuja, tukaweka kipande kwenye makaa ya chetezo, naye akavuta pumzi, akatabasamu. "Huu ndio wako, Bi Zuwena."

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini alimshika Mwanaidi bega akasema, "Kaufanya huyu." Mpaka leo nauona uso wa Mwanaidi ulivyong'ara, nami nikamwonea wivu na kumpenda kwa pamoja.

Baadaye Mwanaidi akaolewa Kendwa, akaanza kuuza udi wake kwenye mahoteli. Nikapandwa na hasira. "Bi Zuwena, kakuibia yule!"

Akanitazama kwa ukali ambao sijausahau. "Kaniibia nini? Nlimpa mwenyewe, na mimi bado nnao. Ulitaka nimfungie mlango, kisha nikae peke yangu na pua iliyokufa? Usinambie tena neno hilo."

Pua ile haikupona. Bi Zuwena alipofariki, Mwanaidi alikuja kutoka Kendwa, tukaingia jikoni wawili. Tukamtengenezea udi wake, tukamfukiza kwa mikono yetu. Harufu ilikuwa ileile, haikupungua hata kidogo. Nyumba nzima iliisikia isipokuwa yeye, na hilo ndilo lililoniliza.

Basi mwanangu, rudi kazini kwako ukafundishe. Fundisha hasa kile unachoogopa kukifundisha, maana hayo mengine watayaokota wenyewe. Waache waharibu mbele ya macho yako, usiwapigie kelele. Wakipatia, wataje mbele ya wateja. Na akiondoka mmoja, muage vizuri, umpelekee salamu Paje. Hujui ni nani atakayekuja siku usiyoweza kujifanyia kitu.

Mwenyezi Mungu akubarikie kazi yako, akupe watu wa heri, na akupe moyo wa kuwaamini. Inuka sasa, ukawape wasichana wako kazi ya maana.