Tano Nukta Nne

Jumatatu ile Hasina hakuwa hata amemaliza kufungua mlango wa duka lake. Mwanamume wa bodaboda alisimama mbele yake bila kuzima injini.

"Fundi! Tano nukta nne? Kweli?"

"Umesoma nilichoandika?"

"Nimeona. Tano nukta nne! Patroba ni wetu, fundi. Mtu wetu akipanda, wewe unamvuta miguu." Akatia gia, akaenda zake.

Hasina alikuwa fundi wa redio na spika nyuma ya soko la Kakamega. Kwao ni Mumias. Alisomea mambo ya umeme katika chuo cha Sigalagala, mwanamke peke yake katika darasa la watu ishirini na sita, na duka lile alikuwa nalo mwaka wa tisa sasa. Kazi ilikuwa imemfunza kusikiliza. Aliweza kukwambia karatasi ya spika imechanika upande gani kabla hajashika bisibisi. Wateja walipopungua, aliweka albamu mpya, akaisikiliza mara nne au tano, halafu akaandika alichosikia. Alianza kwa kujifurahisha katika ukurasa wake wa Facebook. Baadaye tovuti moja ya Nairobi iitwayo Sikio Letu ikamwomba iwe inachapisha maandishi yake.

Mhariri wa tovuti hiyo alikuwa Mitchel, msichana mchangamfu aliyejibu kila kitu kwa alama za mshangao. Yeye alitaka kila albamu ipewe alama juu ya kumi. Hasina hakuwahi kuandika hata moja. "Volti ninaweza kupima," alimwambia. "Wimbo nitaupima na mita gani?" Kwa hiyo aliacha pengo, naye Mitchel alisoma maneno haraka haraka na kujaza namba aliyoona inafaa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa albamu ya Patroba, *Mvua ya Saa Tisa*. Patroba alikuwa seremala wa Khayega aliyeimba kwenye harusi na matanga kwa miaka kumi na mitano kabla ya kupata nafasi ya kurekodi. Hasina alizisifu ngoma zake za isukuti, akasema zinasikika kana kwamba wapigaji wako nawe chumbani. Alilalamika kuwa gitaa limewafunika. Kuhusu wimbo wa nne aliandika kwamba ni manung'uniko madogo ya mwenyeji aliyekasirikia wageni waliokula wakaenda zao, na kwamba mtunzi wa kiwango chake angeweza kutafuta jambo zito zaidi. Yalikuwa maneno mia tisa. Mitchel akaweka juu yake 5.4, nyekundu, kubwa kuliko kichwa chenyewe.

Saa nne asubuhi akaingia Milcah, kiongozi wa kwaya fulani ya Lurambi.

"Nimekuja kuchukua spika yetu."

"Haijakwisha, mama. Nimetoa koili, iko hapa mezani."

"Nipe hivyo hivyo."

"Mama, ulisoma nilichosema juu ya Patroba?"

"Nisome nini, na namba imeandikwa hapo juu?"

Hasina akaipanga spika kwenye katoni vipande vipande, skrubu akazifunga kwa karatasi, na Milcah akaibeba ameiinua kifuani kama mtoto mgonjwa. Mchana mtangazaji mmoja wa redio akaitaja ile namba mara tatu, na kila mara akaongeza kuwa wanaohukumu muziki hawajui hata kushika ngoma. Alasiri mama yake akapiga simu kutoka Mumias.

"Asalaam alaykum, Hasina."

"Waalaykum salaam, mama."

"Nasikia umemwangusha mtoto wa watu mtihani."

"Si mtihani, mama. Ni albamu ya nyimbo."

"Haya, nyimbo. Sasa ukimwongezea, wewe unapungukiwa na nini?"

Simu ilipokatika, Hasina akakuta ujumbe wa Mitchel: watu elfu tisa wameufungua uhakiki! Akamwuliza wangapi wameusoma. Mitchel akajibu kwa furaha ile ile kwamba kwa wastani kila mtu alikaa kwenye ukurasa sekunde kumi na moja.

Sekunde kumi na moja! Hasina alikuwa amekaa na albamu ile siku tano. Alikuwa amefuta sentensi na kuziandika upya, akatafuta neno la kueleza jinsi ngoma ndogo inavyoijibu ngoma kubwa. Aliutupa mkasi mezani kwa nguvu, na redio ya mteja iliyokuwa imegoma tangu Ijumaa ikaanza kuzungumza yenyewe.

Jumatano Patroba akaja mwenyewe. Alikuwa mrefu, vumbi la mbao limemkaa nyusi, na mkononi alishika karatasi alizochapishiwa kwenye duka la saiba. Hasina akajiweka tayari kutukanwa. Ndipo akaona mistari ya penseli chini ya maneno yake, ukurasa baada ya ukurasa.

"Umesoma," alisema.

"Mala tatu." Patroba aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Hapa umesema gitaa imezidi. Ni kweli. Nilimwambia plodyusa, akakataa. Hiyo sina shida nayo. Na hii namba, wacha ikae huko. Lakini wimbo ya nne! Nani alikwambia mimi naimbia wageni?"

"Wewe mwenyewe. 'Ulikuja kwangu, ukabeba watoto wangu, baada ya kula hatujuani.' Huyo si mgeni?"

"Mgeni gani? Huyo ni mheshimiwa! Anakujanga hapa, anabeba watoto, anapigwa picha. Baada ya kula, ukimpigia simu hashiki."

"Baada ya kula nini?"

"Si kula chakula! Kula! Kula ya kupiga, ya kuchagua watu!"

Hasina aliurudia ule mstari kichwani. "Kura," alisema.

"Si ndiyo nimesema? Kula."

"Patroba, hebu sema 'kura'."

"Kula," akasema Patroba, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

Hasina alijifunika uso kwa viganja. Yeye aliyejivunia kusikia karatasi iliyochanika ndani ya spika hakuisikia kura! Na hakuwa na kisingizio. Alikuwa amekaa na watu hawa miaka yote hiyo. Nusu ya wateja wake walimletea "ledio" watengenezewe, naye hakuwahi kushangaa. Angeweza kumpigia simu mtunzi na kumwuliza. Watu elfu tisa walikuwa wamefungua ukurasa ule, mji mzima ulikuwa umemkemea, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kosa lake halisi.

"Nimekukosea," alisema. "Ulichosema si nilichoandika."

Patroba alikuwa amekuja na hasira ya kumtosha asubuhi nzima, na sasa hakujua aiweke wapi. Alizikunja karatasi zake.

"Ulikusudia watu wasikie yote mawili?" Hasina aliuliza. "Kura na kula?"

"Hapana," akasema Patroba. "Lakini ningekuwa nimekusudia, ingekuwa tamu sana."

Siku hiyo hiyo Hasina alimwandikia Mitchel. Alieleza kosa, akatuma aya mpya, akasema wimbo wa nne ndio moyo wa albamu nzima. Baada ya dakika kumi Mitchel akajibu: imeshughulikiwa! Hasina akafungua ukurasa. Namba ilikuwa 7.1. Aya ilikuwa ile ile, na wageni walikuwa bado wanakula na kwenda zao.

Kufikia kesho yake mji ulikuwa umemsamehe. Watu wa bodaboda walimpigia honi wakipita. Milcah alirudi na ile katoni, juu yake chane la ndizi. "Sasa umesema ukweli," alisema. Skrubu mbili zilikuwa zimepotea.

Hasina alimpigia Mitchel. "Sikukuomba namba. Nilikuomba sentensi."

"Lakini imepanda! Yeye hajafurahi?"

"Ameandikiwa uongo, Mitchel, na sasa uongo wenyewe una saba nukta moja."

"Hasina, kusema kweli, hakuna anayerudi kusoma ya wiki iliyopita."

"Basi toa jina langu hapo."

Hilo lilimshtua Mitchel. Ijumaa aya mpya ikawekwa, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, pakaandikwa: *Sahihisho: Katika wimbo wa nne mwimbaji anasema "kula" na si "kula" kama ilivyochapishwa awali. Tunaomba radhi.*

Hasina alicheka hadi machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko yote. Akapiga simu tena.

"Nisomee ulichoandika pale chini. Kwa sauti."

Mitchel akasoma. "Ooh," akasema, na mara hii hapakuwa na alama ya mshangao.

Ukurasa ulinyooka siku ya nane. Siku hiyo waliufungua watu wanne.

Hasina aliomba maandishi yake yachapishwe bila alama. Mitchel, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimkubalia akajaribu mwezi mmoja. Wasomaji wakapungua, wakubwa wake wakauliza, namba zikarudi. Hasina akaandika barua ya mistari miwili, akajitoa. Siku hizi anaandika katika ukurasa wake mwenyewe, ana wasomaji kama sitini, na hapakosi mmoja wa kuuliza chini yake, "Kwa hivyo ni ngapi?" Zamani alikuwa akijibu.

Patroba huja dukani akiwa na wimbo ambao haujaisha, ameurekodi kwenye simu. Mwezi uliopita Hasina alisikiliza mmoja mara tatu, kisha akamwambia ubeti wa pili umejaa maneno hadi mtu hana pa kuvutia pumzi. Patroba alibisha. Alisema fundi wa spika atajua nini juu ya pumzi. Akachukua simu yake, akaondoka amenuna bila kuaga.

Alhamisi iliyofuata alirudi. Ubeti ulikuwa umepungua mistari miwili. Hakusalimia, na hakusema amekubali. Aliketi juu ya kreti ya soda, akamnyooshea simu, akasubiri aunganishe waya.