Sentensi Isiyokuwamo Mswadani

Kazi yetu ilikuwa kukaa watu wawili kwenye meza moja, mmoja asome mswada kwa sauti na mwingine afuatilie kwenye prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, kalamu nyekundu mkononi. Msomaji anasoma kila kitu, mpaka alama. "Mvua ilikatika koma akatoka nje nukta aya mpya." Mgeni akipita mlangoni atadhani tumerukwa na akili. Mimi nilikuwa mwenye kalamu. Msomaji wangu kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwanamke ambaye ofisi nzima, kuanzia mhariri mkuu mpaka mfagizi, ilimwita Mama Nukta.

Jina lilimganda kwa sababu hakuwahi kuruka hata moja. Wasomaji wengine wakishashiba mchana hulegea, wakameza koma nusu na kufunga semi ambazo hawakuzifungua. Yeye hapana. Awe na homa, awe ametoka msibani jana yake, nukta ilikuwa nukta. Nikamwamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu. Akisoma neno ambalo kwenye prufu halipo, sikuuliza wala sikuvuta mswada nihakikishe. Niliandika pembeni kwamba mpangaji kurasa ameliacha, tukasonga mbele. Wapo waliotucheka kwamba siku hizi kompyuta inasahihisha yenyewe. Wacheke tu. Kompyuta yao ilishatuletea shujaa aliyezikwa ukurasa wa tisini akanywa chai ukurasa wa mia.

Basi nyumba yetu ya uchapishaji ilikuwa na riwaya za vijana zinazosimulia upya hadithi za kale, zote za mwandishi mmoja. Ujuzi wake ulikuwa huu: yule mwovu wa zamani anapewa sura nzima ajieleze. Katika kitabu cha kwanza, zimwi lilikuwa limetengwa tangu utoto, maskini ya Mungu. Katika cha pili, mbwa mwitu alikuwa na njaa na watoto wa kulea.

"Kesho atatuletea mbu mwenye majonzi," nilisema.

Mama Nukta alinikata jicho. "Wewe kaka huna huruma. Kila mtu ana lake lililomfikisha hapo."

Vitabu hivyo alivisoma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Sababu niliijua baadaye, lakini wewe nakuambia sasa hivi. Mwandishi alikuwa binti yake. Si wa kumzaa. Alimpokea akiwa na miaka sita, alipoolewa na baba yake, ambaye alikuwa amefiwa na mke. Baada ya miaka mitatu baba naye akafariki. Ndugu wa mume wakakaa kikao wakagawana kabati, kitanda na baiskeli, na mtoto hakuna aliyemwulizia. Mama Nukta akamshika mkono, wakaenda kuishi kwenye chumba kimoja walichokigawa kwa pazia. Hakuolewa tena. Binti alisoma, akawa mwalimu, akaanza kuandika, na jina aliloliweka kwenye jalada likawa la marehemu mama yake mzazi. Mama Nukta alilimeza hilo bila kulalamika, na pale kazini hakumwambia mtu.

Mswada wa tatu ulipofika, ulikuwa ule mkongwe kuliko yote: yatima na mama wa kambo.

Nakumbuka alivyoupokea. Aliifuta meza kwanza kwa kiganja. Kumbe alikuwa na lake: ikiwa zimwi lilipata sura yake, na mbwa mwitu akapata yake, mama wa kambo ataikosaje? Alikuwa anangoja kusoma, kwa maneno ya binti mwenyewe, kwamba alionekana.

Tukaanza. Sura ya tatu mama wa kambo anafungia mkate kabatini. Sura ya tano anachana gauni la shule. Ni mwanamke anayekunja leso mara nne kabla ya kukaa popote, ndivyo kitabu kilivyosema, na mbele yangu mezani palikuwa na leso ya Mama Nukta iliyokunjwa mara nne, imelala hapo miaka kumi na tisa, nami sikung'amua kitu. Akili zangu ndizo hizo.

"Huyu mama ni shetani mtupu," nikasema.

"Ngoja," akajibu. "Sura yake inakuja."

Sura ya saba, hakuna. Sura ya tisa, hakuna. Nilimwona akizipima kwa kidole gumba karatasi zilizobaki, na kila siku kidole kilikuwa na kidogo zaidi cha kupima. Sura ya kumi na moja akasoma hivi:

"Mama wa kambo koma asiyevumilia kusikia nywele zile zikisifiwa koma alimkalisha juu ya ndoo akamnyoa zote nukta."

Akaweka kidole chini ya nukta ile. Kisha, kwa sauti ile ile:

"Na siku hiyo hiyo alikaa yeye juu ya ndoo koma akanyoa na zake koma mtoto asije akachekwa peke yake nukta."

Kwenye prufu haikuwamo. "Mpangaji kurasa ameruka mstari mzima," nikasema, "tena ndio mstari pekee wenye maana humu ndani."

"Andika, kaka."

Nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa. Tukamaliza kitabu siku ya pili yake. Mwishoni mama wa kambo, kipofu, anabisha mlangoni kwa msichana, naye msichana anazima taa asifungue. Sura ya kujieleza haikuja. Mama Nukta alipanga karatasi, akazigonga mezani zikae sawa, akaomba ruhusa ya kuondoka mapema. Nilidhani kichwa kinamuuma.

Wiki mbili baadaye mlango ulifunguliwa, akaingia mhariri mkuu na mwanamke kijana mwenye prufu kwapani. Kumbe ndiye mwandishi. Alikuwa na hasira za kistaarabu, zile za mwalimu.

"Nani ameniongezea sentensi?" Kisha akamwona aliyekaa kando yangu. Sauti ikashuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hapo ndipo mambo yote yaliponiingia kwa pamoja, leso na kila kitu. Mhariri mkuu alikuwa ameshafunua mswada. "Haimo," akasema, akanitolea macho.

"Ni kosa langu," nikasema. "Nilisikia vibaya."

"Sentensi nzima?"

"Nimeisoma mimi," Mama Nukta akasema. "Msimsingizie mwenzangu."

Mhariri mkuu alitaka kufoka, lakini binti akamwomba awaachie wao wamalize. Alitoka shingo upande. Mimi hakuna aliyenifukuza, nikabaki nimeinamia kalamu yangu.

"Yalikuwa mapunye," Mama Nukta akasema taratibu. "Ulikuwa na miaka saba. Dawa ilikuwa haishiki mpaka kichwa kiwe wazi. Labda umesahau, ulikuwa mdogo."

"Sijasahau, mama."

"Hujasahau?"

"Nakumbuka vizuri sana. Tulipita barabarani na vipara vyetu, wale wasichana wa kisimani wakaanza kucheka, ukawatolea ulimi." Akatabasamu, na mimi mjinga nikadhani mambo yamekwisha. "Nakumbuka mpaka wembe ulivyokukata nyuma ya sikio."

"Sasa mbona hukuandika?"

Binti akavuta kiti akakaa. Alimshika mkono. Alizungumza kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi.

"Nikiiweka hiyo, mama, hadithi inakufa. Nani atamchukia tena?"

"Zimwi ulilihurumia."

"Zimwi hakuna anayeishi nalo nyumbani. Kulihurumia ni rahisi. Wanafunzi wangu wanataka mtu wa kumchukia ambaye wanamjua." Akamminya mkono kidogo. "Lakini si wewe. Usije ukalichukulia hivyo. Ni kitabu tu."

"Na leso?"

Binti alinyoosha mkono, akachukua kalamu yangu bila kuniomba, akapitisha mstari mwekundu juu ya mwandiko wangu, mmoja, ulionyooka. Akaandika jina lake pembeni, yaani lile la jalada, la marehemu mama yake mzazi. Kisha akainuka akambusu mama yake shavuni.

"Jumapili nitapita. Nikuletee nini?"

"Usilete kitu. Njoo tu."

Nilimchukia yule binti, nasema wazi. Nilimchukia kwa sababu alikumbuka. Angesahau ningemsamehe, watoto husahau. Viatu vyake viliposikika vikiishia ngazini, nikaona lazima niseme jambo.

"Dada, mbona hukuniambia? Siku ile unasoma, ungeniambia tu."

Alikuwa anatazama ule mstari mwekundu. "Ningekuambia kwamba haimo mswadani, ila ndivyo ilivyokuwa. Ungeiandika?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa ulimini kabisa. Lakini alikuwa ananijua tangu zamani, na mimi kazi yangu ni kufuata karatasi.

"Hapana," nikasema.

"Haya basi," akasema. Akausogeza ukurasa mbele yake, kwa sababu ukurasa uliofutwa kitu ni lazima usomwe upya, akausoma wote kwa sauti, kila koma na kila nukta, bila ile sentensi.