Landrova Iliyokata Kinyume

Nakumbuka siku ile babangu alipoingiza gari la posa katikati ya mahindi yake mwenyewe. Naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu posa ilikuwa yangu, na aliyepiga kelele hadi majirani wakasimama kwenye ua ni mimi. Kaa hapo, msukume huyo paka. Chai bado iko kwenye chupa.

Haya yalitokea miaka ya tisini, nyumbani kwetu karibu na Chebunyo. Babangu alikuwa mfugaji, lakini ujana wake aliumalizia kwenye mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho, akiendesha trekta. Alipostaafu alirudi na koti la mvua na imani kwamba hakuna chombo chenye magurudumu kinachoweza kumshinda. Hiyo imani uishike, tutaihitaji.

Mimi nilikuwa nimetoka Kedowa, nilikokaa kwa shangazi nikijifunza ushonaji. Huko ndiko nilikokutana na Kiplang'at, huyu mzee wangu aliyelala kwenye kiti. Halali, anasikiliza. Alikuwa kijana mwenye landrova kuukuu aliyoachiwa na babake, na kazi yake ilikuwa kubeba majani chai ya watu hadi kituo cha kuuzia siku ambazo matope yameshinda lori. Usukani wake ulikuwa mzito ajabu. Kona moja ilitaka mabega mawili na sala fupi.

Basi akaamua kuurekebisha mwenyewe, pale nyumbani kwao, kando ya zizi la mamake, gari likiwa limeinuliwa juu ya magogo. Alipata boksi ya usukani kwa mtu wa vyuma vikuukuu. Ilitoka kwenye landrova vilevile, ila ya zile nchi ambazo dereva hukaa kushoto. Yeye akaifunga upande wetu wa kulia, akakaza nati zote, akajipangusa grisi, akajisifu. Usukani ukawa mwepesi kweli. Shida ilikuwa moja tu. Ukikata kulia, gari linaenda kushoto.

Mtu mwenye akili angefungua nati siku hiyohiyo. Yeye alizunguka nalo malishoni mpaka mikono ikazoea, kisha akaanza kulitangaza kama jambo alilolipanga. "Sasa hata mwizi akiiba, hafiki lami," alikuwa akisema. Mamake alipomwambia apeleke gari kwa fundi, akajibu kwamba fundi ni yeye.

Mimi nilijua habari za usukani huo kwa sababu nilikuwa nimeketi kiti cha mbele, tena si mara moja. Nyumbani hakuna aliyejua kwamba nimeketi popote. Kwa babangu, wageni wa posa walikuwa watu waliosikia sifa zangu kanisani. Mimi nami sikumsahihisha.

Sasa elewa desturi yetu. Enzi zile kijana anayetafutiwa mke hakanyagi boma la wakwe siku ya posa. Wazee wake huenda bila yeye, wanaketi, wanaulizana koo, na mambo yakikubalika wanapakwa siagi kichwani. Kabla ya siagi hakuna neno lililokamilika. Lakini wazee wa Kiplang'at wangefikaje Chebunyo, na gari lile hakuna mwingine aliyeweza kuliendesha? Wakakubaliana awalete hadi langoni, kisha apotee kabla uso wake haujaonekana. Akapotea kweli. Akaingia ndani ya mahindi yetu, ambayo yalikuwa yamempita kimo, akajilaza humo, na landrova akaiacha imeziba lango.

Mimi nilikuwa jikoni na mama. Msichana anayeposwa haonekani wala hasikiki. Niliwasikia sebuleni mjombake Kiplang'at, Mzee Arap Koech, na shangazi yake mmoja mnene mwenye kicheko kizuri. Koo ziliulizwa, zikaonekana hazina shida. Mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, ilimiminwa. Mama akainuka kufuata kibuyu cha siagi, akanitazama kwa jicho la pembeni. Nilimpenda yule kijana, mwanangu. Sitakuficha.

Ndipo ng'ombe wakaanza kulia. Jua lilikuwa limepanda na walitaka mtoni, na mlango wao wa mtoni ulikuwa umezibwa na landrova. Babangu akatoka nje.

"Dereva ako wapi?" akauliza.

"Ameenda kunyoosha miguu kidogo," akasema Arap Koech.

"Wacha nisogeze mimi. Gari haina shida?"

"Iko sawa kabisa," akajibu yule mzee. Alisema alichokijua, maana habari za usukani hakuambiwa. Safari nzima alikuwa amefumba macho akiomba.

Kutoka mlango wa jikoni nikaona mkono wa babangu kwenye mlango wa gari. Nikinyamaza, babangu ataumia. Nikisema, nimejianika, maana msichana asiyemjua mchumba wake ataujuaje usukani wake? Siagi itarudi kabatini, na Kiplang'at nitakuwa nikimsikia tu kwa watu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikaufunga ulimi wangu, nikamwachia Mungu.

Gari likanguruma, likaingia uani. Babangu alitaka kulipeleka kushoto, kando ya ghala. Akakata kushoto. Gari likaelekea kulia, kwenye mahindi. Sasa, trekta ilikuwa imemfundisha kwamba chombo kikikaidi, unakaza. Akakaza. Gari nalo likazidi kulia. Mahindi yakaanza kulala chini, mstari baada ya mstari, na ghafla mbele ya gari akachomoka Kiplang'at, nywele zimejaa ndevu za mahindi, anakimbia. Angeruka kando tu yangekwisha. Lakini hofu haina akili, alikimbia moja kwa moja, na gari lake mwenyewe likamfuata nyuma likiendeshwa na babamkwe.

Nikatoka jikoni mbio. "Baba, kata kulia!" nikapiga kelele. "Kata kulia ndio iende kushoto!"

Babangu hakuwa mtu wa kuambiwa. Siku hiyo akaambiwika. Akakata kulia, gari likageuka, likatoka kwenye mahindi, likavuka uwanja wote na kusimama ndani ya lundo la mbolea. Ng'ombe wakapita langoni taratibu wakaenda zao mtoni, kwa kuwa njia yao sasa ilikuwa wazi.

Babangu akashuka. Mguu mmoja ulizama kwenye mbolea hadi gotini. Akamtazama yule kijana.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni dereva, mzee."

"Dereva ndiye analala kwa mahindi yangu?"

Kisha akanigeukia mimi, polepole. "Na wewe, Chebet. Ulijuaje?"

Mama akajifanya anapuliza moto. Nikasema, "Nimewahi kubebwa, baba."

Babangu akaingia nyumbani. Arap Koech akachukua kofia yake na fimbo. Mimi nilikaa juu ya gunia jikoni nikalia wazi, sikujali nani ananiona. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye samadi.

Halafu babangu akatuita wote sebuleni, mimi na yule kijana pia, jambo ambalo halijawahi kufanyika kwetu. Alikuwa amebadilisha suruali. Akamwambia Kiplang'at, "Kijana, kugeuza usukani si kosa. Gari ni yako, igeuze hata iende angani. Kosa ni kuiacha kwa lango la mtu, mtu huyo aingie akidhani kulia ni kulia. Ukioa utaweka mtu ndani ya maisha yako. Utamwacha naye aendeshe gizani?" Kiplang'at alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Akanigeukia. Nikangoja radi.

"Huyu naye alikuwa na siri yake, na aliishika vizuri," akasema. "Lakini alipoona mbavu za babake ziko hatarini, akaitupa mbele ya wageni. Mtoto kama huyo simpi mtu ambaye hasemi. Siagi irudi kwenye kibuyu. Nendeni mkarudishe gari ilivyokuwa, ndio mrudi."

Yule shangazi mnene hakuweza kujizuia tena, akacheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikamfikia babangu mwenyewe.

Walirudi baada ya mavuno. Usukani ulikuwa umerudi kwenye uzito wake wa zamani, na kulia kukawa kulia tena, kwa hiyo gari liliendeshwa na binamu yake, na Kiplang'at akabaki kwao Kedowa kama desturi inavyotaka. Babangu aliwasimamisha langoni. Kabla ya salamu alipanda, akazunguka uwanja mzima, kulia, kushoto, kulia tena. Kisha akashuka akasema, "Karibuni." Siagi ikapakwa vichwani, na iliyobaki akaipaka kwenye usukani. Binamu alilalamika kwamba mikono ilikuwa ikiteleza njia yote hadi Sotik.

Basi mwanangu, wewe unayekaribia kuanza boma lako, sikia. Utabadilisha mambo, na ni haki yako, hakuna anayezaliwa akae alivyo. Badilisha kazi, badilisha nia, funga nati zako upande unaotaka. Ila yule atakayeushika usukani huo baada yako, mwambie kabla hajakaa. Usimwachie ajue akiwa ndani ya mahindi. Mficha uchi hazai. Na ukiona mtu wako anaelekea pabaya, na neno la kumwokoa litakuaibisha wewe, aibika. Aibu hukauka kama matope kwenye viatu, unaibandua unaendelea.

Juzi huyu mzee alirekebisha taa za nyumba hii mwenyewe. Swichi ya jikoni inawasha chumba cha kulala, na ya chumba cha kulala inawasha zizi la ng'ombe. Nimemwambia afungue, amesema fundi ni yeye. Lakini kabla sijagusa alikuja akanishika mkono, akanionyesha moja moja.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mtu wa kukupigia kelele, na akupe masikio ya kumsikia. Nyumba yako isikose maziwa, na siagi yako isirudi kwenye kibuyu. Ukitoka, swichi ya sebule hii iko nje, kando ya tangi.