Maua ya Padiri Mpya

Heri mkisikie kwangu kisa hiki, maana mtaa wetu mzima wa Himbi umeshakisikia kwa rafiki yangu Bahati.

Kuendesha baiskeli milimani nilijifunza peke yangu, kwa video za simu. Hata namna ya kumaliza nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo: mikono juu, tabasamu dogo. Ila kila tukiteremka na Bahati na wenzetu msitu wa mikaratusi kule Kibumba, mimi hufika wa mwisho, nikisukuma baiskeli.

Jumapili iliyopita Bahati alisema, "Leo tunamalizia ku kanisa. Mama yangu atatungojea pale."

Tukaanza. Mizizi, kona, mawe ya volkano. Sikuweka mguu chini hata mara moja, na karibu na mwisho nikampita Bahati mwenyewe! Nikatoka msituni wa kwanza. Mbele ya kanisa palikuwa na tao la majani ya migomba na maua, na akina mama wakiimba, wakipunga matawi. Nikawaza: mama Bahati ametuheshimu kweli. Nikapita chini ya tao, mikono juu. Msichana mmoja alikuwa ameshika shada la maua. Nikamwinamia, naye akasitasita, akanivisha. Nikaanza hotuba: "Bamama, sikutegemea..."

Mama Bahati akaninong'oneza, "Mutoto yangu, umekimbia muzuri sana. Sasa utoke mu njia. Padiri mupya iko nyuma yako na motokari."

Nikageuka. Padiri alikuwa ametoa kichwa dirishani, anapiga makofi. Na nyuma ya gari lake, wa pili, Bahati alikuwa anakula vumbi.